Kiapo cha Uani

Sentensi ile niliiandika mimi.

Kwa miaka sita nimesema siyo. Nimekana mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya rafiki zangu wa chuo kikuu, na mbele ya mama yangu mzazi, ambaye hakuuliza mara ya pili kwa sababu ananijua. Nimekana kwenye makongamano mawili, kipaza sauti mkononi, huku watu wakitikisa vichwa kwa kunihurumia. Kabla ya wote hao nilikana uani kwa mwanamke mmoja wa Vitongoji, kisiwani Pemba, nikaapa.

Sentensi yenyewe ni fupi: "Leo mwalimu wa Kurani amenyoosha mikono yake kumpokea Bwana." Ukiitazama neno kwa neno, nusu yake ni kweli. Ilikuwa leo. Alikuwa mwalimu wa Kurani. Mikono aliinyoosha. Nina shahada mbili, moja ya fasihi na nyingine ya theolojia, na nadhani faida kubwa niliyopata kwa zote mbili ni kujua mahali pa kuufichia uongo katika sentensi. Unauweka mwishoni, karibu na jina la Mungu, ambako watu wenye adabu hawapekui.

Nilikwenda Pemba kutoka Kenya nikiwa nimepita arobaini, sina mume, nimechoka kufundisha, na nimeshawishika kwamba Mungu ananiita. Mkuu wa shirika lililonituma alikuwa mchungaji niliyemwita baba wa kiroho, ingawa alinizidi miaka mitatu tu. Shirika lilikuwa dogo, la makanisa machache ya kwetu, na makubaliano yalikuwa wazi: hatuendi kuhubiri, tunakwenda kuhudumia. Kila mwisho wa mwezi nilitakiwa kuandika barua ya maombi, ili wanaoniombea wajue la kuombea. "Barua zako ni siri ya familia," baba wa kiroho aliniambia siku ya kuagana. "Hazitatoka katika chumba cha maombi."

Kazi yangu ilikuwa kufuatana na nesi wa zahanati kuzunguka nyumbani kwa wazee wenye kisukari, kuwasafisha vidonda vya miguu. Nesi alikuwa Mpemba, mpole, mchapakazi. Mimi nilikuwa na mafunzo ya wiki sita na furaha isiyo na kipimo. Kuosha miguu! Mmishonari gani hajaota kuosha miguu? Siku ya kwanza nilipiga magoti kwa unyenyekevu mwingi hata nesi akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Nilikuwa nimepanga chumba Madungu, mjini Chake Chake, na mara tatu kwa wiki nilikodi pikipiki hadi Vitongoji. Mgonjwa wangu wa huko alikuwa mama mtu mzima niliyemwita Bi Mkubwa, kama walivyomwita wengine. Alikuwa mjane, akiishi na binti yake mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa na kidonda chini ya mguu wa kushoto ambacho kingemeza yai la kuku. Barazani kwake kulikuwa na chuo cha Kurani. Asubuhi na alasiri watoto wa mtaa walikuja na misahafu na majuzuu yao, wakakaa juu ya jamvi na kusoma kwa sauti, kila mmoja mahali pake, hata ukadhani hakuna anayeweza kusikilizwa. Yeye aliwasikiliza wote. Mtoto akiruka herufi, Bi Mkubwa alisema bila kugeuka, "Rudi mwanzo," na mtoto akarudi mwanzo wa sura. Si mwanzo wa mstari, mwanzo wa sura. Hakupiga wala hakupaza sauti. Nimemsikia akimrudisha mtoto mmoja mwanzo mara saba, na mara ya saba sauti yake ilikuwa ileile ya mara ya kwanza.

Mgeni Pemba hupita mlango wa mbele. Hupiga hodi, akakaribishwa, akawekewa mkeka safi, akaulizwa habari za watu wote wa kwao hadi waliokufa. Uani ni kwa watu wa nyumba na wanawake waliozoeana. Huko ndiko kunakopikwa na kufuliwa, ndiko mtu anakovua mtandio wake akajikuna kichwa na kusema analofikiri. Miezi minne ya mwanzo nilipita mbele. Kisha siku moja nikasikia kutoka ndani:

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Bi Mkubwa."

"Wewe nani?"

"Wa mguu."

"Sasa wa mguu anapiga hodi kama karani wa sensa! Zunguka uani, mwanangu. Mie siwezi kila siku kujikokota mlangoni kumfungulia mtu anayekuja kuniosha."

Nikazunguka. Sijawahi kupewa cheo kikubwa zaidi ya hicho, na nimewahi kuwa mkuu wa idara.

Uani nilijifunza mengi kuliko niliyokwenda kufundisha. Nilijifunza kukaa bila kusema. Nilijifunza kula mkate wa kumimina kwa mkono uleule uliokuwa umetoka kunawa sabuni ya hospitali, kwa sababu kukataa kungekuwa kumwambia mwenye nyumba kwamba kidonda chake kinanitia kinyaa. Jirani mmoja, mama mnene mwenye ulimi mkali aliyekuwa na watoto wawili chuoni, alipenda kuja kututazama tukifanya kazi.

"Bi Mkubwa, huyu sista wako Kiswahili chake kama cha taarifa ya habari."

"Muache. Akizungumza najisikia niko bungeni."

"Na kuolewa haolewi?"

"Ataolewa na nani, na mikono inanuka dawa siku zote?" Kisha Bi Mkubwa akautazama mguu wake ndani ya beseni. "Mguu huu n'kwambie, hata maiti haoshwi hivi."

"Nyamaza, usijitakie!"

Nilikuwa nikicheka mpaka nesi ananionya nisimwage maji. Na nilikuwa, sioni aibu kusema, nakaribia kuwa mtu mwema. Nilianza kusali bila kujisikiliza. Alfajiri nikisikia adhana pale Madungu nilikuwa naamka na kupiga magoti wakati mmoja na mtaa mzima, kila mtu kwa njia yake, na nilijihisi nimebebwa. Sala zangu zilifupika. Kwa mtu mwenye shahada ya theolojia, huo ni muujiza.

Shida ilikuwa barua. Mwaka mzima niliandika kuhusu vidonda, bandeji na subira. Baba wa kiroho alinijibu kwa upole: "Dada yangu, watu wanafurahi, lakini wanauliza matunda." Mwezi uliofuata: "Wanauliza matunda." Mwenzangu aliyetumwa nchi nyingine alikuwa akiandika matunda kila mwezi, kikapu tele, na barua zake zilisomwa ibadani huku watu wakipiga vigelegele. Za kwangu zilisomwa kwenye matangazo, baada ya habari za kwaya.

Kisha kidonda kikafunga. Ilichukua miezi kumi na nne. Nesi alikibonyeza kwa kidole, akakibonyeza tena, akasema, "Alhamdulillahi." Mimi nikalia kama mtoto. Nikamwomba Bi Mkubwa ruhusa nimshukuru Mungu kwa sauti, kwa namna yangu.

"Mshukuru," akasema. "Kwani kuna mwingine aliyekiponya?"

Nikaomba. Yeye akainua mikono, viganja juu, kama anavyofanya mtu yeyote wa pale mwenzake anapoomba dua mbele yake. Mwisho akaitikia, akapangusa uso kwa viganja. Ilikuwa adabu. Angefanya vivyo hivyo kwa dereva wa pikipiki. Nilikuwa nimekaa Pemba muda wa kutosha kulijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Mkononi nilikuwa na simu. Alikuwa ameniruhusu kupiga picha ya mguu ili daktari auone. "Mguu piga," alisema. "Sura yangu iache hapahapa." Mikono yake ilipoinuka, nilirudi nyuma hatua mbili, nikapiga. Mguu ulionekana. Na yeye mwenyewe pia, kuanzia utosini.

Jioni ile niliandika barua ya maombi, na mwishoni nikaweka ile sentensi. Niliifuta. Nikaiandika tena. Nikajiambia kwamba mbele za Mungu kila shukrani ni kumpokea, kwamba maneno yana upana, kwamba ni siri ya familia. Nikaambatanisha picha, nikatuma. Ibada iliyofuata, nikaambiwa, watu walipiga vigelegele.

Miezi minane baadaye niliingia uani kwa Bi Mkubwa kumpelekea dawa ya kulainisha ngozi, nikakuta kimya. Ilikuwa saa ya chuo na hapakuwa na sauti ya mtoto hata mmoja. Bi Mkubwa alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi, hakuni nazi. Binti yake alikuwa amesimama, simu mkononi, na hakunisalimu.

"Mjomba yuko Mombasa," binti akasema. "Anauza vipuri. Kaingia ofisi ya mteja wake, kaona hii ukutani, kaipiga picha, kairusha kwenye grupu la ukoo. Sasa iko Vitongoji nzima."

Ilikuwa kalenda. Baba wa kiroho alikuwa ameichapisha kwa makanisa yote. Kila mwezi ulikuwa na picha kutoka kwa mmishonari mmoja na ushuhuda wake, na Bi Mkubwa alikuwa mwezi wa Juni. Mikono imeinuka, viganja juu, na chini yake sentensi yangu, kwa herufi za dhahabu.

Nilikuwa nimesalitiwa, na hilo nalisema hata leo bila kupunguza. Yule mtu aliniahidi chumba cha maombi, akanianika barabarani. Hakuniuliza. Hakuniambia hata ilipochapishwa. Usaliti ule ulikuwa wa kweli, na kwa kuwa ulikuwa wa kweli, nilipata mahali pazuri sana pa kujificha nyuma yake.

"Watoto wametolewa," Bi Mkubwa akasema taratibu. "Kaanza huyu jirani, kisha wengine. Siwalaumu. Mie mwenyewe nisingempeleka mwanangu kusomeshwa na mtu aliyetoka katika dini. Nataka unijibu moja tu. Maneno haya ni yako?"

"Si yangu, Bi Mkubwa. Mimi niliandika kuhusu mguu. Ofisi imebadilisha."

"Wallahi?"

Ningeweza kusema kwamba imani yangu hairuhusu kuapa. Ni kweli hairuhusu, na ingekuwa mara ya kwanza andiko kunisaidia kwa jambo la haraka. Lakini niliona uso wake, na niliona mlango wa uani nyuma yangu, na sikutaka kutolewa nje.

"Wallahi," nikasema.

Uso wake ukafunguka. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo: jinsi ulivyofunguka. "Basi yamekwisha," akasema. "Mtu hawezi kuapa uongo mbele ya mguu aliouponya."

Kesho yake akavaa buibui, akachukua fimbo, akatoka. Alikwenda nyumba baada ya nyumba, kwa kila mzazi aliyekuwa amemtoa mtoto, siku nne mfululizo, akisema maneno yaleyale: "Wamembadilishia barua. Kaniapia. Nami namsimamia." Binti alimwambia apumzike. Nesi alimwambia apumzike. Alitembea juu ya ngozi mpya, laini kama ya mtoto mchanga, akibeba kiapo changu. Siku ya tano kidonda kilifunguka.

Wazazi hawakuwa wabaya. Walisema, sawa, kama ofisi imebadilisha, ofisi na iandike barua kukiri, isomwe, watoto warudi. Nilisema barua itakuja. Nikamwandikia baba wa kiroho ujumbe mrefu wenye hasira takatifu. Akanijibu mistari miwili: "Dada yangu, barua yako ninayo mbele yangu. Siwezi kusaini kwamba nilibadilisha ambacho sikubadilisha." Siku chache baadaye akaniita nyumbani, nikapumzike kiroho.

Niliondoka Pemba kabla ya mwisho wa mwezi. Nilimwambia Bi Mkubwa kwamba barua iko njiani. Alinifungia karafuu katika kitambaa, kwa ajili ya mama yangu. Mguu wake ulikuwa kwenye beseni na nesi ndiye aliyekuwa akiuosha.

Barua haikuja, bila shaka. Kimya changu kilifanya kazi ambayo kalenda ilikuwa imeianza. Watu wakahitimisha kwamba mgeni alikuwa amesema uongo, au mwenyeji alikuwa akifunika lake, na vyovyote iwavyo watoto walipelekwa chuo kingine. Nilizipata habari hizi kwa nesi, kipande kipande. Nilikuwa nazisoma Nairobi, nikiwa na kazi mpya.

Kazi yenyewe inachekesha. Niliacha shirika na kuanza kuandika makala juu ya makanisa yanayowasaliti watumishi wao. Makala yakapendwa. Nikaalikwa kuzungumza. Nilisimulia habari za kalenda kwa ufundi, nikapumzika pale pa kupumzika, na siku moja mwanamke mmoja alinijia baada ya mazungumzo akanishika mikono akalia, akisema nimempa ujasiri wa kusema ukweli. Nikamkumbatia. Nilikumbuka kwamba kwa karibu miaka ishirini nimewahimiza watu wasimame kanisani wakiri dhambi zao hadharani, na nilikuwa mkali kwa wanaozungukazunguka.

Baba wa kiroho hakuyajibu makala hayo hata mara moja. Ile barua anayo hadi leo, angeweza kunimaliza kwa picha moja. Sijui kama ni huruma au ni kwa sababu watu wangemuuliza kuhusu kalenda. Nimejaribu kumchukia kwa ukamilifu, nikakuta yeye alinisaliti mara moja tu. Mimi nimeendelea.

Mwezi uliopita, asubuhi ya Jumamosi, ujumbe ukaingia kutoka kwa yule binti, ambaye hakuwa ameniandikia tangu niondoke. "Mama hajambo kidogo, lakini si wa kutumaini sana. Anasema, kama una neno ulitie masikioni mwake, si katika magazeti."

Kumbe makala yangu yalikuwa yakisomwa Vitongoji. Kitu kama hicho mwandishi humwomba Mungu kitokee.

Nilizunguka meza. Nilipika chai nisiyoinywa. Nilijaribu kusali, na sala ikanirudi fupi kama zile za Pemba: sema. Nikapiga.

Binti alipokea, akasema, "Subiri." Nikasikia kuku, nikasikia kifuniko cha sufuria, nikajua ni uani. Kulikuwa na sauti za wanawake kadhaa waliokuja kumtazama mgonjwa. Kisha sauti yake, nyembamba kidogo kuliko nilivyoiacha.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Bi Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Hapa sipo peke yangu. Nikuweke sauti wasikie, au unataka tusikilizane wawili?"

Njia ya kutokea ilikuwa hiyo, na aliifungua yeye mwenyewe kwa adabu yake.

"Weka sauti."

"Haya. Sema."

"Bi Mkubwa, wakati ule ofisi yetu ilikuwa na utaratibu wa barua ambao…"

"Rudi mwanzo."

Mtu akacheka kidogo.

"Baba wa kiroho aliniahidi kwamba…"

"Rudi mwanzo."

Sauti ilikuwa ileile. Nilishika ukingo wa meza.

"Niliandika mimi. Ofisi haikubadilisha neno. Wewe uliinua mikono kwa adabu, kwa sababu mtu alikuwa anaomba mbele yako, na mimi nilijua ni adabu, nikaandika kwamba umempokea Bwana. Hukumpokea mtu. Hukutoka katika dini yako hata kwa nukta. Na picha ya sura yako niliipiga nawe umeniambia nisipige."

"Na ile wallahi?"

"Ilikuwa uongo."

"Astaghfirullah," akasema mwanamke mmoja. Nikatazama simu kama bado imeunganishwa.

"Mmesikia?" Bi Mkubwa akawauliza.

"Tumesikia," ikaja sauti ya yule jirani wa ulimi mkali, safari hii bila ukali. "Bi Mkubwa, tumesikia. Wangu wakubwa washahitimu. Lakini mjukuu nitamleta Jumatatu, akikubali mwanao kumsomesha."

"Atamsomesha," akasema Bi Mkubwa. "Mie ntasikiliza."

Nilikuwa nalia, nikasema la kijinga. "Mguu unaendeleaje?"

"Mguu upi? Wa kulia haujambo. Huo wako ulikatwa mwaka jana. Mjomba wake huyu kauzika. Umetangulia."

Nesi hakuwa ameniambia. Labda aliniambia, katika ujumbe mmoja kati ya jumbe nilizoacha kuzifungua.

"Usilie," akasema. "Kisukari kina kazi yake, na miguu yangu ilikuwa na safari zake. Nimekusamehe. Kwa Mungu nimekusamehe, na hawa ni mashahidi. Siku ukija Pemba usiogope kuja."

"Nitakuja, Bi Mkubwa."

"Karibu." Akavuta pumzi. "Lakini ukija, mwanangu, pita mlango wa mbele. Piga hodi, utafunguliwa."

Akakata.